Kile Kinachokuja na Kidonge

Siku ile mliponiaga nikistaafu, mmoja wenu aliniuliza kwa nini kila mgonjwa wa kifafa alipoingia nilimwambia kwanza afungue kinywa, kabla hata sijamuuliza ameanguka mara ngapi. Sikumjibu vizuri. Kulikuwa na keki na kulikuwa na hotuba, na hotuba hunifanya niangalie mlango ulipo. Tangu hapo swali lake linanizunguka kichwani, nami nazunguka nalo humu nyumbani Woodley, kutoka jikoni hadi uani na kurudi. Binti yangu ameniambia nikae chini au nitafute mbwa wa kutembea naye. Mbwa sitaki. Nimeamua kuwaandikia.

Vyeo vya uuguzi nilivyopanda havina hadithi, kwa hivyo sitavitaja. Naanza na siku nilipohamishwa kutoka wodi ya upasuaji kwenda kliniki ya kifafa. Wenzangu wa wodini walinipongeza kama mtu aliyepewa likizo. Walisema huko hakuna damu wala vidonda, kazi ni kutoa vidonge na kuandika tarehe ya kurudi. Nami niliamini. Katika upasuaji mtu huja na jeraha, unalisafisha, linapona, anaondoka na hamuonani tena. Kumbe sasa nilikuwa naenda mahali ambapo watu hawaondoki. Wengine niliowakuta siku hiyo niliwaacha palepale juzi, mimi nikiwa na mvi na wao wakiwa na wajukuu.

Kliniki ilikuwa Jumanne, katika chumba cha mwisho kwenye korido. Kando ya mlango kulikuwa na dirisha la dawa, na nyuma ya dirisha alikaa Bi Kaur. Alikuwa mfamasia, mama wa Kisikh aliyeishi Kileleshwa katika nyumba ya baba yake, tangu mtaa ule haujaota maghorofa. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake: hakukaa dirishani. Alitoka nje, akasimama kwenye korido na kutazama watu wakitembea kutoka kwenye benchi hadi kwa daktari. Siku yangu ya kwanza nilidhani anatafuta mtu.

"Wewe Loice," aliniambia, "usiulize mgonjwa kama dawa inamsumbua. Yeye atasema hapana. Mgonjwa iko na adabu mingi sana. Wewe tazama mwenyewe. Mdomo, ngozi, na vile anatembea."

Kisha akanieleza jambo ambalo shuleni nilikuwa nimelisoma na kulipasi bila kulielewa. Mtu mwenye kifafa anaogopa kuanguka kuliko anavyoogopa kitu kingine chochote. Ukimpa kidonge kikamzuia asianguke, atakivumilia kidonge hicho hata kikimla. Hatakwambia kinamla, kwa sababu anafikiri utamnyang'anya. Au, na hili ndilo baya zaidi, atakiacha mwenyewe kimyakimya, siku moja, ghafla.

Mgonjwa wa kwanza aliyenionyesha maana ya maneno hayo alikuwa mzee mmoja Mhindi, mwenye duka la vyuma na misumari katikati ya jiji. Tulimwita Mzee Jayant. Watoto wake walimleta wakiwa na aibu usoni. Walisema baba yao ameanza kunywa pombe. Wafanyakazi wa dukani walikuwa wamemwona akiyumba kati ya rafu, akishika ukuta, maneno yakimtoka kwa kuburuta. Mzee mwenyewe alitazama viatu vyake. Maisha yake yote hakuwa ameonja kileo wala nyama, na sasa wanawe walikuwa wakimnusa mdomo kila jioni.

Bi Kaur alimwona akitembea hatua chache tu kwenye korido. Alimsimamisha, akanyanyua kalamu mbele ya uso wake na kuisogeza polepole pembeni. Macho ya mzee yaliifuata kalamu huku yakirukaruka, kama mtu anayetazama nguzo kutoka ndani ya treni. Tulipouliza, ikawa kwamba alikuwa ameanguka dukani mara moja, akaona haya mbele ya wateja, akajiongezea kidonge kimoja cha fenitoini, dawa yake ya kifafa, bila kumwambia mtu. Kidonge kimoja. Lakini dawa ile ni kama debe lililojaa hadi ukingoni: kikombe kimoja cha ziada hakiingii, kinamwagika. Mwili wake haukuweza kuiondoa tena, ikawa inajaa damuni siku baada ya siku hadi ikamfanya mlevi. Daktari alimpunguzia, na baada ya muda mfupi alikuwa akipanda ngazi ya dukani kwake kama zamani. Wanawe walikuja kumwomba radhi mbele yetu. Mzee aliwaambia kwa Kigujarati neno moja ambalo Bi Kaur alikataa kunitafsiria.

Nawasimulia hayo ili mjue nilikuwa nimefundishwa kutazama siku Violet alipoletwa. Maana habari yenyewe ni ya Violet.

Violet Khasandi alikuwa fundi wa nguo kule Waithaka. Alikuja Nairobi kutoka Malava kwa shangazi yake, akajifunza cherehani, akawa anashona sare za shule. Kifafa kilikuwa kimemshika tangu akiwa darasani, na huko kwao alikuwa amepewa fenitoini. Tulimpokea akiwa amebebwa, mkono mmoja umeungua kwa jiko alilokuwa ameliangukia, na alikuwa ameanguka mfululizo bila kuzinduka katikati. Hiyo ndiyo hali inayoua. Daktari alipofaulu kuizuia kwa sindano, na msichana akafumbua macho kesho yake, nilimwomba afungue kinywa. Alikaza midomo. Niliomba tena. Alipokifungua, ufizi ulikuwa umevimba ukashuka juu ya meno hadi meno yakabaki vipande vidogo tu kama punje changa za mahindi.

Alianza kulia kabla sijasema lolote. Rafiki yake alikuwa anaolewa, naye alikuwa amechaguliwa kuwa msimamizi wa bibi harusi. Kungekuwa na picha. Kuna mtu alikuwa amemwambia ufizi umevimba kwa sababu ya dawa, na hilo lilikuwa kweli. Basi akaacha dawa ili meno yake yaonekane siku ya harusi.

"Sista, mimi sijawahi kucheka kwa picha," aliniambia. "Hata moja. Nilitaka tu moja."

Mtamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba amekosa? Nilimwambia tu kwamba dawa ya kifafa haiachwi kama mtu anavyozima taa. Inashushwa kama mtu anavyoshuka ngazi gizani, akipapasa kila kipandio, na mtu mwingine amemshika mkono. Na kwamba siku nyingine meno yakimsumbua aje apige kelele kwenye dirisha letu. Aliahidi, na ahadi hiyo aliitimiza kuliko nilivyotaka.

Daktari wa wakati ule alimbadilishia dawa, polepole, hadi sodiamu valproeti. Na kifafa kikakoma. Sisemi kilipungua. Kilikoma. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Daktari wa meno alimkata ufizi uliozidi na haukurudi. Bila shaka dawa hiyo nayo ilikuja na mizigo yake. Alinenepa, nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo, na vidole vikawa vinatetemeka kidogo hivi kwamba kutia uzi kwenye sindano kukawa kazi ya kuvuta pumzi. Alinunua kile kijiwaya cha kutungia uzi akaendelea. Hayo yote aliyasema mwenyewe, kwa sauti, dirishani, watu wakisikia. Na alikuwa anacheka. Bi Kaur, aliyekuwa karibu kustaafu, aliniambia Violet ndiye mgonjwa wake bora kwa sababu hana adabu.

Kisha akaja Eliud. Violet alimleta Jumanne moja bila kututaarifu, kijana mrefu wa mjengo, vumbi la saruji bado kwenye kope. Alimketisha kwenye kiti cha mgonjwa, akasimama nyuma yake, akaniambia, "Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa."

Walikuwa wanataka kuoana na Eliud hakujua. Alikuwa ameviona vidonge kwenye kopo la vifungo, akaambiwa ni vya presha. Nilimweleza kifafa ni nini, kwamba hakiambukizwi kwa mate wala kwa kitanda, na akianguka afanye nini: amlaze ubavu, aondoe vitu vya hatari karibu, asimtie kitu mdomoni, angoje. Eliud alisikiliza hadi mwisho. Alichouliza ni kimoja tu, kama kuanguka kunauma. Violet alisema hajui, yeye huwa hayupo. Eliud akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi itakuwa kazi yake kuwepo.

Niliondoka chumbani nikajifanya natafuta faili. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hapo ndipo utulivu wetu wote uliisha. Wakati huo daktari wetu alikuwa Daktari Muthoni, ambaye wengi wenu mmefanya kazi naye. Aliangalia dawa ya Violet, akaangalia pete, akafunga mlango. Alimweleza kwamba valproeti ndiyo dawa mbaya kuliko zote kwa mimba. Inaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto katika wiki zile za mwanzo, mama akiwa bado hajajua kama ana mimba, na hata mtoto akizaliwa na viungo vyote, akili yake inaweza kuchelewa. Si kila mtoto. Lakini ni wengi kiasi cha kutocheza nayo. Alimshauri abadilishe kabla ya kushika mimba.

Violet alinitazama mimi, si daktari. "Hii dawa ndiyo imenirudishia mimi mwenyewe," alisema. "Sasa mnataka kuninyang'anya ndio nipate mtoto?"

Daktari alisema hakuna anayemnyang'anya. Uamuzi ni wake. Alimpa muda. Violet aliondoka bila kuaga, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisikia cherehani yoyote mtaani nageuka. Aliporudi alikuwa ameamua. Alitaka mtoto.

Alianzishiwa dawa mpya, lamotrijini, juu ya ile ya zamani, ili baadaye ya zamani iondolewe. Sasa nisikilizeni hapa, nyinyi mnaoandika maagizo haraka haraka. Lamotrijini huanzishwa kwa vipimo vidogo vya kukera, inapandishwa kwa wiki, na ikiwa mgonjwa bado anameza valproeti inaanza chini zaidi, kwa sababu valproeti inaizuia isitoke mwilini. Ukiharakisha, ngozi inaweza kukasirika. Nasema kukasirika kwa heshima tu. Inaweza kuungua kutoka ndani.

Dirisha letu lilipoishiwa na vile vidonge vidogo, Violet alikwenda kununua katika duka moja la dawa katikati ya jiji. Mtu wa kaunta alikuwa na vya nguvu kubwa pekee, na alimwambia ni kitu kilekile, tena atapona haraka. Violet aliamini, maana jina kwenye pakiti lilikuwa lilelile.

Eliud alinipigia simu mchana. Alisema Violet ana homa, macho mekundu, na midomo imetoka malengelenge, na kwamba kuna vipele kifuani. Nilimwambia asimpe tena ile dawa mpya hata kidonge kimoja, ile ya zamani aendelee nayo kama kawaida, na wapande teksi saa hiyohiyo. Waje na pakiti. Aliuliza kama wanaweza kungoja kesho maana amelala. Nilimwambia amwamshe.

Walipofika, ngozi ya kifua ilikuwa inatoka ikiguswa. Alilazwa. Sitaeleza sana. Kwa siku nyingi alilala bila nguo chini ya kitambaa kilichonyanyuliwa kisimguse, macho yakisafishwa kila mara ili yasigandamane, hawezi kumeza mate yake. Ile valproeti tuliendelea kumpa kwa mpira wa puani, ndiyo iliyomlinda asianguke juu ya hayo mengine. Eliud aliacha mjengo. Alikaa kando ya kitanda na kitambaa chenye maji ya chumvi, akimlowanisha midomo kwa ncha ya kidole chake kile kikubwa chenye sugu. Mimi nilikuwa napanda wodini kila nikipata nafasi, nashuka, napanda tena. Muuguzi wa wodi aliniuliza kama nina jamaa pale. Nikasema ndiyo.

Alipona. Ngozi ilirudi na mabaka, jicho moja hadi leo hukauka akitazama taa. Siku alipoweza kusema, jambo la kwanza alilosema lilikuwa kuuliza dawa inayofuata ni ipi. Eliud aliinuka akatoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi ameinamisha kichwa. Aliniambia yeye mtoto hataki tena, anamtaka Violet. Nikamwambia amwambie mkewe, si mimi. Alisema amemwambia, na Violet amejibu kwamba hajachunwa ngozi bure.

Dawa iliyofuata ilikuwa levetirasetamu. Hiyo haikumgusa ngozi wala ufizi, na kwa mimba ni mojawapo ya zile ambazo hatuziogopi sana. Safari hii kila pakiti aliileta kwangu kabla ya kuifungua. Valproeti ilishushwa ngazi kwa ngazi hadi ikaisha. Alipewa vidonge vya foliki, vya kulinda uti wa mgongo wa mtoto. Akashika mimba, akaanguka mara mbili wakati wa mimba na mara zote mbili Eliud alikuwepo. Msichana alizaliwa msimu wa mvua, wakamwita Nafula. Mimi mwenyewe nilimkagua mgongo yule mtoto, ingawa daktari wa watoto alikuwa ameshamkagua, na mkunga, na bibi yake kutoka Malava. Mgongo ulikuwa mzima, umenyooka kama uzi wa fundi.

Ningependa kuishia hapo. Watu wengi wangeishia hapo.

Lakini kila kidonge kinakuja na chake, na hiki kilikuja na hasira. Si kwa kila mtu. Kwa Violet kilikuja. Mwanzoni alidhani ni uchovu wa kunyonyesha. Kisha akampasulia mteja sare mbele ya macho yake kwa sababu alilalamikia pindo. Akagombana na shangazi aliyemleta mjini. Alisema inapanda kama maziwa kwenye sufuria, unaiona, unajua itafurika, na mkono haufiki kwenye moto. Daktari Muthoni alimuuliza maswali yote, hata lile ambalo hatupendi kuuliza, kama amewahi kutaka kujidhuru. Alisema hapana, kujidhuru hapana. Tulijaribu kumpunguzia, akaanguka kando ya cherehani, akakata paji la uso. Tukarudisha. Tulijaribu vitamini ambayo husaidia wengine. Ilimsaidia kidogo, kisha haikumsaidia.

Nafula alipokuwa ameshaanza kwenda shule, Violet alikuja siku ambayo haikuwa ya kliniki. Hakuketi. Alisema asubuhi hiyo alipaza sauti, wala hakuwa akimpazia mtoto, alikuwa akipazia uzi uliokatika. Alipogeuka, Nafula alikuwa ameingia chini ya meza ya kukatia nguo, mikono juu ya kichwa. Wiki iliyotangulia alikuwa amempiga kwa rula ya mbao. Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe mahali alipompiga.

"Mtoto wangu ananiogopa, Sista," alisema. "Nilichunwa ngozi ndio nimpate, na sasa ananiogopa."

Eliud aliitwa. Sote tulikaa katika chumba kile cha mwisho, Daktari Muthoni akiwa upande mmoja, mimi mlangoni kwa sababu kiti kilinishinda. Daktari alipitia dawa zote kwa sauti. Hii ilimharibu ufizi. Hii karibu imuue. Ile nyingine ni ya ukoo wa karibu na iliyomchuna, hatutaithubutu. Nyingine hospitali haina kila wakati, na dawa ya leo ipo kesho haipo ni hatari kuliko ugonjwa. Ilibaki ile ya zamani, valproeti, ambayo ilimpa miaka ya amani na kumnenepesha. Akamwambia angeweza kurudi kwayo, lakini kwa sharti moja. Asishike mimba tena, na katika hilo pasiwe na pengine wala bahati mbaya. Kwa hivyo atumie njia ya uhakika ya kuzuia mimba kwa muda wote atakaoimeza, kijiti au koili, na kama wameamua hawataki mtoto mwingine, kuna upasuaji wa kufunga kizazi.

Violet aliinamisha kichwa. Nilijua anachohesabu. Mama mkwe alikuwa akituma salamu za kuulizia mvulana kila Krismasi. Na koili alikuwa amewahi kuwekewa, ikamtoa damu hadi ikatolewa, na kijiti ni cha miaka michache tu. Alisema sawa, atafungwa kizazi. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mgonjwa mwenye adabu.

Ndipo Eliud akakohoa. Alimuuliza daktari kama upasuaji huo ni wa wanawake tu. Daktari akasema hapana, wanaume nao wapo, na wa kwao ni mdogo zaidi, mtu anatembea kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Eliud alitazama mikono yake. Naye pia ni mtu wa Malava, mwana wa kwanza kwao, na kwenye mjengo wenzake wangemcheka hadi ghorofa ya juu kabisa. Yote hayo yalimpita usoni, niliyaona.

"Huyu ameshameza za kutosha, Daktari," alisema. "Hii moja iwe yangu."

Violet alimgeukia akamwambia asiwe mjinga. Mama yake je? Eliud akasema mama yake ana wana wengine wanne, wote wanazaa kama sungura. Hapo Daktari Muthoni alianza kupangusa miwani yake, na mimi safari hii sikwenda kutafuta faili.

Sasa nanyi msije mkasema Sista Loice aliacha maelezo. Mwanamume hafungwi leo akawa salama leo. Mbegu zilizobaki njiani huchukua miezi kuisha, na lazima apimwe kuthibitishwa. Violet aliwekewa kijiti wakati wakingoja, na daktari hakugusa dawa hadi majibu yaliporudi safi. Kisha levetirasetamu ikashushwa kadiri valproeti ilivyopandishwa, kwa kunyata. Eliud alipumzika siku chache tu, akalalamikia kitu kimoja, kwamba kwenye chumba cha upasuaji walicheza nyimbo za maziko. Kwa mama yake hajasema. Hiyo ni kazi yao.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda Waithaka kuchukua gauni ambalo Violet alikuwa ananishonea kwa ajili ya sherehe yenu. Alikuwa amenenepa tena, kitambaa kichwani kwa sababu ya nywele, na kile kijiwaya cha kutungia uzi kikining'inia kwenye kifungo cha blauzi. Gauni la mteja mwingine lilikuwa limetandazwa mezani, jeupe, la kipaimara, mwenyewe akitarajiwa wakati wowote. Nafula alikuwa anapita na kikombe cha uji. Akajikwaa kwenye waya wa pasi.

Uji ulimwagika juu ya gauni lile kutoka kola hadi pindo. Mimi niliruka kutoka kwenye stuli. Nafula hakuruka. Alifumba macho, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akasimama akingoja.

Violet alilitazama gauni. Alimtazama mtoto. Alivuta pumzi, nikamwona akiitafuta ile hasira mahali ilipozoea kukaa. Kisha akachukua karai, akaniambia nishike upande ule wa kitambaa usiguse sakafu, akatoka nje kwenye mfereji kuchota maji.

Nafula alibaki vilevile, macho yamefumbwa. Tulisikia maji yakijaa karai. Akafumbua jicho moja, akaangalia mlangoni, akalifumba tena. Halafu, polepole sana, akashusha mkono mmoja. Baadaye kidogo akashusha na wa pili.